"Hatarini kutoweka" maana yake nini? Kipunji na likeni

Ukisikia kiumbe kiko hatarini kutoweka usidhani ni maneno ya kuombea pesa za wafadhili tu, kuna vigezo kabisa. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inaangalia idadi inashuka kwa kasi gani, eneo limebaki dogo kiasi gani, wanaozaa wamebaki wangapi. Na vigezo ni vilevile, awe tumbili au likeni, vile viraka vya kijivu vinavyoganda kwenye magome na mawe ambavyo tunavipita tu kila siku.

Chukua kipunji, tumbili wa Tanzania. Wanasayansi wamemtambua juzi tu 2003, wenyeji wa Rungwe walikuwa wanamjua zamani. Anapatikana Rungwe-Kitulo na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, basi. Hesabu iliyotoka 2008 ilipata kama 1,100 hivi, tena kwenye eneo lisilofika kilometa za mraba 20. Na kinachommaliza unakiona kwa macho, mkaa, mbao, mitego.

Sasa kuna likeni inaitwa Erioderma pedicellatum, ipo Newfoundland kule Kanada, kwenye magome ya miti jamii ya misonobari ya sehemu zenye ukungu. Ikikauka ni ya kijivu, ikilowa inageuka kijivu cha bluu, juu ina vinyweleo na ukingo umejikunja mweupe. Sio mmea hiyo, ni kuvu anayeishi na bakteria wanaompikia chakula kwa mwanga wa jua, na hao bakteria hawavumilii asidi, kwa hiyo moshi wa viwanda wenye salfa, hata wa mbali, unaimaliza bila mtu kuigusa. Na kuihesabu ni shughuli, maana kiraka kimoja kinaanzia wapi kinaishia wapi? Ndio maana mara nyingine wataalamu wanahesabu mti: mti wenye likeni unachukuliwa kama "mmoja".

Ukiuliza watu nani yuko pabaya zaidi wengi watasema kipunji, ana sura bwana, ana watoto. Lakini kipunji kwa sasa yuko daraja la "hatarini", likeni hii iliingizwa 2003 kwenye daraja la juu yake, "hatarini sana". Na kuiokoa likeni hii, kukataza kukata miti peke yake hakutoshi, kwa sababu Newfoundland kuna kulungu wakubwa mno (moose) waliopelekwa na watu miaka ya 1900 mwanzoni, wanatafuna miche ya miti hiyo, sasa mti mzee ukianguka hakuna wa kushika nafasi yake.