Hitilafu inayohusu usanifu wa prosesa: imeonekana wapi, imetoka wapi

"Hiyo ni shida ya ARM, kwenye x86 inapita." Kauli hii kuhusu aina mbili za prosesa, wanaokompaili kerneli (kiini) ya Linux, yaani kugeuza kodi yake kuwa lugha ya mashine, wameizoea mno, na mara nyingi inampeleka mtu kukarabati pasipovunjika.

Kwa kifupi, hitilafu ya kujenga inayohusu usanifu ni ile inayojitokeza kodi inapokompailiwa kwa aina moja ya prosesa, ilhali kodi hiyohiyo inapita kwa aina nyingine. Maana hiyo inataja mahali kosa lilipoonekana. Lilikotoka ni suala jingine kabisa.

Tazama draiva (programu inayoendesha kifaa) inayogawanya namba ya aina ya u64 (namba kamili ya biti 64 isiyo na hasi) kwa alama ya kawaida ya kugawanya. x86 ya biti 64 ina amri yake ya kazi hiyo, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. ARM ya biti 32 haina, basi kompaila ya GCC inaingiza wito wa funksheni ya msaada, __aeabi_uldivmod, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye libgcc, maktaba ya msaada ya GCC. Kerneli hapo haiunganishwi na libgcc. Faili zote zinakompailiwa salama, kisha katika hatua ya mwisho ya kuunganisha unaambiwa jina hilo halijulikani. Kwenye i386, yaani x86 ya biti 32, jina ni __udivdi3, ugonjwa ni uleule. Dawa ni div_u64 kutoka linux/math64.h, na inawekwa ndani ya draiva. Folda ya arch/arm, yenye kodi ya ARM pekee, haiguswi.

Heda, yaani faili za .h zinazotangaza funksheni, nazo zina hila yake. Zamani asm/io.h ya x86 ilikuwa ikivuta linux/vmalloc.h kimyakimya, hivyo aliyeita vmalloc(), funksheni ya kutenga kumbukumbu, bila kujumuisha heda yake aliponea hapo na kukwama kwingine. Mwaka 2015 mstari huo uliondolewa, ikabidi faili zilizokuwa zikiutegemea ziongezewe #include yake zenyewe. Kasoro ilikuwamo siku zote. X86 iliifunika tu.

Ndiyo maana inauma kuona mtu "anarekebisha" kwa kuandika depends on X86 kwenye Kconfig, faili la masharti ya kujenga. Draiva inaacha kujengwa kwingine, ujumbe unapotea, kosa linabaki. Hiyo ni tofauti na depends on HAS_IOMEM (uwezo wa kufikia vifaa kupitia anwani za kumbukumbu), ambayo ni halali: s390, usanifu wa kompyuta kubwa za IBM, inaweza kujengwa bila uwezo huo, na sharti hilo linataja kitu ambacho draiva inakihitaji kweli.

Yapo makosa ya usanifu wenyewe, kwa mfano folda fulani ndani ya arch/ inapokosa funksheni ambayo kodi ya pamoja inaitarajia. Hayo yarekebishwe hukohuko. Mengine, badala ya kuripoti "ARM imeharibika", andika hivi: "Draiva inagawanya u64 bila div_u64, imeonekana kwenye ARM ya biti 32." Atakayeisoma atajua faili la kufungua.