Iulize Ruta Kabla ya Kuizima

Tangu mvua za masika zianze, idara yetu hapa Kisumu imepokea malalamiko mengi kutoka kwa wasimamizi wa maabara za kompyuta shuleni na wa ofisi za wadi kwamba "mtandao umelala". Wengi hutupigia simu wakiwa tayari wameichomoa ruta na kuirudisha kwenye umeme, jambo ambalo hufuta kumbukumbu tuliyoihitaji. Tunaomba kwa heshima kwamba kifaa kiulizwe kwanza kwa amri ya snmpget, iliyomo katika programu za Net-SNMP zinazopatikana bure (SNMP ni utaratibu wa kuuliza vifaa vya mtandao hali yake, na hapa tunatumia toleo lake la 2c):

snmpget -v2c -c NENO 192.168.10.1 1.3.6.1.2.1.1.3.0

Mahali pa NENO huandikwa neno la jumuiya mlilokabidhiwa, yaani neno la siri la kuulizia kifaa, ambalo huruhusu kusoma tu; 192.168.10.1 ni anwani ya ruta. Namba ndefu ya mwisho huuliza muda ambao kifaa kimekuwa kazini. Shule moja upande wa Ahero ilitulalamikia saa nne asubuhi, ikisisitiza kwamba kosa ni la kampuni ya intaneti, lakini ruta ilijibu hivi: Timeticks: (1234567) 3:25:45.67. Namba iliyo kwenye mabano ni sehemu za mia za sekunde. Kwa hiyo ruta ilikuwa imewaka kwa saa tatu na dakika ishirini na tano tu, yaani tangu saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Tatizo lilikuwa waya wa soketi uliolegea. (Hesabu hii hurudi sifuri yenyewe baada ya siku 497 hivi, basi msishtuke.)

Neno "Timeout", ambalo amri huonyesha isipopata jibu, halimaanishi kwamba kifaa kimekufa, na hili tumelieleza mara nyingi kuliko tungependa. Swali husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data isiyohakikisha kwamba imefika, hadi mlango 161, na katika toleo la 2c kifaa kilichoulizwa kwa neno lisilo sahihi kwa kawaida hunyamaza tu. Hakikisheni neno, anwani na ukuta wa moto (kinga inayoweza kuzuia maswali ya mtandao) kabla ya kutangaza msiba.

Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa na neno "public", nalo libadilishwe siku ya kwanza. Isitoshe, toleo la 2c hupitisha neno hilo wazi, likisomeka na yeyote anayenusa mtandao. Palipo na uwezo tumieni toleo la 3 katika kiwango cha authPriv, ambacho huthibitisha anayeuliza na kuficha majibu.

Ulizeni vifaa mlivyokabidhiwa peke yake. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 kinaadhibu kuingia katika mfumo bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kujaribu ruta ya jirani "kuona tu" si utetezi. Amri ya snmpset, ambayo hubadilisha mipangilio, isiguswe bila kibali cha maandishi kutoka kwetu.

Mnapowasilisha lalamiko, andikeni saa ya kuuliza, anwani ya kifaa, amri yenyewe isipokuwa neno la jumuiya, kisha nakilini jibu zima kama maandishi. Picha za simu hutufikia zikiwa zimekata tarakimu za mwisho, na hapo hutulazimu kuanza upya.