Kwa Nini Moto wa Nyika Hurudi Njia Ileile

Ukivunja jani la kichaka cha leleshwa kwenye miteremko ya Menengai, kreta ya volkano iliyo karibu na Nakuru, Kenya, unasikia harufu kali kama ya kafuri. Ni mafuta hayo yanayolifanya liwake hata likiwa bichi. Lakini leleshwa imetapakaa Bonde la Ufa, na moto haurudi kila mahali. Hurudi kule upepo unakorudi.

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, huvuka milima ya Aberdare kisha huporomokea bondeni. Kila hewa inaposhuka mita 1,000, joto lake hupanda nyuzi 10 hivi na unyevu wake hupungua. Kwa hiyo nyasi za Naivasha na Nakuru hukaushwa mara mbili, kwa jua na kwa upepo.

Juu ya upepo huo wa msimu kuna ule wa kila siku. Jua likishapasha kuta za kreta, hewa hupanda mteremko, na alasiri ndipo huwa kali zaidi. Moto ulioanzia chini saa nane hupanda nayo, ukikausha nyasi za mbele kabla haujazifikia. Makorongo huuvuta kama dohani. Usiku hewa baridi hugeuka na kuteremka, na gogo lililoachwa likifuka hupeleka cheche upande ambao haukulindwa. Kisumu nako mambo hugeuka vivyo hivyo: mchana upepo hutoka ziwani, usiku huelekea ziwani.

Hatari kubwa kwa wazimaji imo katika kugeuka huko. Moto uliosonga kilomita moja una ubavu wa kilomita moja, nao huonekana mpole. Upepo ukigeuka, ubavu wote huwa kichwa, yaani sehemu ya mbele inayokimbia.

Fyeka kinga ya moto Novemba, upande upepo wa kiangazi unakotoka na upande wa chini wa mteremko. Nyasi zikifika kiunoni, iwe na upana wa mita 10 au zaidi, hadi udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa ziondolewe kabisa. Zikibaki humo ni kuni. Mabua ya mahindi yasichomwe miezi hiyo, ni heri yaliwe na ng'ombe. Mrina asali naye amwagie kienge chake, mwenge wa kufukuzia nyuki, maji kabla hajaondoka.

Hujui upepo wako? Chukua konzi ya majivu baridi, uidondoshe saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, siku saba mfululizo, ukiandika yanakoelekea. Yanakopeperukia saa kumi ndiko cheche zitakakokwenda.