Gari la jeshi linakufa, tena linakufa kwa kusimama

Jamani gari la jeshi linakufa. Nimelisema hili gereji mpaka sauti imekauka, sasa naliandika, manake wiki hii tena kijana kanipigia, kaona Unimog inauzwa, lori la Mercedes, ile U1300L iliyokuwa ya jeshi la Ujerumani, anataka aitoe Mwanza aipige Singida, Dodoma, Dar mpaka Lindi na familia nyuma. Namuuliza breki zimefumuliwa lini, ananijibu "fundi hiyo gari ya jeshi, haifi hiyo, afu kilomita hazijafika hata elfu 40."

Hizo kilomita chache ndo zinanitia wasiwasi. Gari la miaka ya 80 lenye kilomita elfu 40 ni gari lililosimama. Limekaa ghalani miaka, linawashwa, linazungushwa uwanjani, linarudishwa. Injini ile, OM352, silinda 6, lita 5.7, haina turbo wala kompyuta, siibishii, ukiipa oili safi na maji kwenye rejeta itakupeleka. Gia boksi na difu hivyohivyo. Ila katikati ya hayo machuma yote kuna mpira: sili, hozi, diafram, raba za kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski), tairi. Na mpira unazeeka hata gari lisipotembea mita moja.

Sasa hili la "haifi" limetoka wapi? Watu wanaona msafara wa jeshi unapita haukwami, wanasifia gari. Angalieni mkia wa msafara basi, kule nyuma kuna gari la mafundi, kuna spea, kuna brekidauni. Waingereza wana kikosi kizima kwa kazi hiyo tu, REME, tangu 1942. Na sisi wenyewe vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa yakabeba askari na mizigo, malori ya kiraia ya kawaida kabisa. Wewe unaponunua lori la mnada unapata lori peke yake, wale mafundi wa mkiani wamebaki kambini.

Twende kwenye breki manake hapa ndo kwenye kazi. U1300L ina breki za fluidi zinazosaidiwa na upepo, diski miguu yote minne, yaani magurudumu. Hozi ya breki ukiiangalia kwa nje unaona nzima, nyeusi, haina hata ufa. Mi huwa naichana kwa wembe kwa urefu mbele ya mwenye gari ili aone mwenyewe: ndani mpira umevimba, katundu kalikobaki hata njiti ya kiberiti haipiti. Ukikanyaga pedali una nguvu ya kulazimisha fluidi ipenye hapo, ukiachia hakuna nguvu ya kuirudisha, kwahiyo inabaki kulekule kwenye kalipa, pedi zimeng'ang'ania diski, na wewe unaendelea na safari unasema tu leo gari zito. Ukifika Nzega mguu unafuka.

Na mafundi wenzangu hapa mnaniudhi kweli. Mguu ukishika moto moja kwa moja mnavamia kalipa, mnapiga pistoni msasa, mnamnunulisha mtu raba mpya, keshokutwa mguu uleule tena. Pimeni kwanza! Weka mawe kwenye matairi mengine, nyanyua mguu ukiwa bado umeshika, fungua kile kinati cha kutolea upepo pale kwenye kalipa. Ukibaki umeshika vilevile, haya, ni kalipa, pistoni imekula kutu. Ukiachia, funga kinati, kanyaga pedali ushike tena, halafu sasa nenda ulegeze kule juu hozi inapoungana na bomba la chuma. Mguu ukiachia hapo, hozi haina kosa, tatizo liko juu zaidi, anza na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Ukigoma kuachia hapo wakati kwenye kinati unaachia, hozi imeziba, kata maneno. Ni dakika chache, mteja hajatoa hela ya kalipa, na ukimaliza toa upepo wote, usimwachie pedali ya sponji.

Ukibadilisha hozi moja badilisha zote, umri wao ni mmoja.

Fluidi yenyewe nayo inanyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limepaki. Kwa viwango, fluidi ya DOT 4 mpya isichemke chini ya nyuzi 230, ikishakunywa maji asilimia 3.7 hivi kiwango kinashuka mpaka 155. Sasa unarudi kutoka Singida, unashuka mteremko wa Sekenke na lori la tani 7, mguu wako uko kwenye pedali kuanzia juu mpaka chini, hizo 155 haziko mbali. Ikichemka unatengeneza mvuke ndani ya bomba, mvuke unabonyea, pedali inaenda mpaka sakafuni na Shelui kule chini bado hujaiona. Sekenke unashuka kwa gia, unaingiza gia ndogo ukiwa bado juu kabla mteremko haujaanza, breki unazigusa na kuziachia.

Tairi. Soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi (siyo ile DOT ya fluidi), 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta ni tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya 2000, lisikubebee mtoto wa mtu hata kama kashata zote, ile mikato ya tairi, zipo. Na kwenye umri nitasema ukweli, vitabu vinaandika miaka 10 kama vile usiku wa kuamkia mwaka wa 11 tairi linajipasukia, mi nimeona la miaka 12 lililokaa kivulini likaenda safi, na la miaka 7 lililoanikwa juani likachanika ubavu kabla ya Shinyanga. Kwa gari la familia natoa yote, ila fundi mwenzangu akiniambia yeye anaangalia nyufa kwanza sina hoja ya kumshinda. Rimu ya pete usiguse pete kabla hujachomoa sindano ya valvu na upepo wote kuisha, hiyo inaua watu.

Umeme ni volti 24, betri mbili. Msichomoe volti 12 kwenye betri moja kwa ajili ya friji na redio, moja itakufa njaa na nyingine itachemka, nunueni konveta ya kushusha 24 iwe 12. Na eti "injini ya jeshi inakunywa chochote", zipo kweli zilizotengenezwa hivyo, lakini OM352 ni ya dizeli na plunja za pampu yake, zile zinazosukuma mafuta, zinalainishwa na hiyohiyo dizeli, ukiweka iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa unazisaga.

Mwendo hesabu 80, usipange kukimbizana na mabasi. Mafuta lita 20 mpaka 25 kwa kilomita 100.

Na kabla hujaligeuzia Usagara, pale unapotokea Mwanza kwenda safari ya maana, lipakie uzito wake wote, maji, vitanda, watu, uende Lamadi kwa njia ya Musoma urudi. Simama Magu, simama Lamadi, simama Kisesa, kila ukisimama zunguka miguu yote, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, linganisha. Joto litakuwepo, mbele kidogo zaidi ya nyuma, hiyo sawa. Mguu mmoja ukiwa unaunguza kuliko wa upande wa pili wake, familia ishuke ipande daladala, wewe niletee gari gereji Igoma polepole.