"Heritage" na "inheritance": urithi upi ni upi?

Shamba la minazi alilokuachia babu yako Matondoni ni urithi. Maulidi ya Lamu nayo ni urithi. Kiswahili hakioni tabu kuyaita yote mawili kwa jina moja, na muktadha humaliza kazi. Kiingereza kimeyatenga: shamba ni "inheritance", Maulidi ni "heritage". Ukiyabadilisha utaeleweka, lakini atakayekusoma atasita kidogo, na pengine atacheka.

Lamu maneno haya hayakwepeki. Mji mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo "heritage" imepanda kwenye mabango, fulana, vipeperushi na barua za kuomba ufadhili. Upande wa pili kuna nyumba na mashamba yanayosubiri kugawanywa, kesi zipo kwa kadhi, na watoto walioko nje wanataka waandikiwe kwa Kiingereza jambo limefikia wapi. Ndiyo maana makosa huenda pande zote mbili. Mmoja anamwambia mtalii "Lamu is a world inheritance", na mtalii anajiuliza ni nani amefariki akauachia ulimwengu mji mzima. Mwingine anaandika "my brother refused to give me my heritage", akikusudia kaka yake kamnyima haki yake. Mwingereza akisoma hapo ataelewa kaka amekataa kumfundisha mila za kwao.

Bahati nzuri, sisi tunalo neno la kupimia: mirathi. Sentensi yako ukiweza kuiwekea "mirathi" mahali pa "urithi" na maana isiharibike, basi Kiingereza chake ni "inheritance". Mirathi ya marehemu, kesi ya mirathi, kugawa mirathi: zote zinapita. Jaribu sasa "Lamu ni mirathi ya dunia". Haipiti, hata mtoto wa madrasa atakurekebisha. Hapo weka "heritage".

Urithi na mirathi tumevipata kwa Waarabu, na vyote vina mzizi mmoja. Wao wenyewe hutenganisha: mali ya marehemu ni mirathi, na yale yaliyoachwa na vizazi huitwa "turath". Kwa Kiingereza pia maneno yote mawili yanatokana na Kilatini "heres", yaani mrithi, yakapitia Kifaransa. Waongoza watalii wa Malindi waliozoea Kitaliano wana wepesi wao hapa, kwa kuwa Mtaliano mali ya marehemu huiita "eredità", na hazina ya mji huiita "patrimonio", maneno yasiyofanana hata kidogo.

Lakini kipimo cha mirathi kinaonyesha tofauti tu, hakielezi kwa nini ipo. Kwa hilo tuingie ndani ya nyumba moja.

Tuseme ni nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani. Kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko darini, daka mlangoni, mlango wa nakshi, na ndani zidaka zimepangwa ukutani safu kwa safu. Mwenyewe amefariki, wazazi wake walishatangulia, na hana deni wala wasia. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Ukiipiga nyumba hiyo mafungu 40, mke ana 5, kila mwana wa kiume ana 14, na binti ana 7. Mafungu hayo ndiyo "inheritance". Yana wenyewe wanaojulikana kwa majina. Mmoja anaweza kumuuzia mwenziwe fungu lake au kumwachia kwa hiari, na wote wakikubaliana wanaweza kuiuza nyumba nzima kwa mgeni na kugawana pesa.

Nyumba hiyohiyo, kuta zilezile, ni "heritage" pia. Hapa hakuna mafungu. Binti hana 7 na jirani hana sifuri. Wote wanayo, na mtu wa Faza au wa Nairobi naye anayo, hata kama hajawahi kupita kwenye ile daka. Hakuna wa kuiuza, kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa peke yake. Hata mgeni akishalipa na kuandikiwa hati, mji mkongwe unalindwa kwa sheria, na hawezi kuja na nyundo akaangusha kuta bila kibali. Alichonunua ni "inheritance" ya watu wanne. "Heritage" haikuwemo kwenye bei, ingawa dalali huitaja sana anapotafuta mnunuzi.

Kwa hiyo hii sentensi ni sahihi kabisa: "The house is our inheritance, but it is also part of the town's heritage." Mtu wa familia hiyo anaweza kuiandika bila kujirudia, maana kila neno limebeba lake.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeyatumia yote mawili, tena vizuri. Dibaji yake inayaita mazingira "our heritage", yaani ya Wakenya wote na ya vizazi vijavyo. Ukifika Kifungu cha 170, kinachohusu mahakama za kadhi, unakuta orodha ya mambo zinayoweza kuamua: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na "inheritance". Wangeandika "heritage" hapo, kadhi angejikuta anaamua kesi za majengo ya kale na ngoma.

Uingereza kwenyewe mambo ni yaleyale. Serikali hutoza kodi ya asilimia 40 kwa sehemu ya mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000, na kodi hiyo huitwa "inheritance tax". Shirika linalotunza Stonehenge, yale mawe ya kale, linaitwa English Heritage.

Kisarufi hakuna mengi. "Inheritance" hukubali "an" mbele yake: "she received an inheritance". "Heritage" hupenda kutanguliwa na "our", "their", "cultural" au "Swahili", na wingi wake hauonekani mara nyingi. Yote mawili hukaa mbele ya nomino nyingine: "heritage site", "inheritance dispute". Kitenzi ni kimoja tu, "inherit", na hutumika kotekote, hivyo "we inherited a rich heritage" si kosa. Mrithi ni "heir", na "h" yake haitamkwi, tofauti na haya mawili.

Kuna mahali "inheritance" hutumika bila mtu kufa. Daktari akieleza jinsi selimundu inavyotoka kwa wazazi wawili kwenda kwa mtoto atasema "inheritance", hata kama wazazi wako hai na wamekaa mbele yake. Watengenezaji wa programu za kompyuta nao hulitumia, pale sehemu moja ya programu inapochukua tabia za nyingine. Kwenye mambo hayo "heritage" haisemwi.

Jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha ni kwamba "heritage" ni neno la sifa. Kitu ukikiita hivyo umeshasema kinafaa kutunzwa. Gede, magofu yaliyo kusini mwa Malindi, yaliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na kuyaita "heritage" ni kuyapa heshima. Sasa madhara ya utumwa utayaitaje? Ukisema "the heritage of slavery", Mwingereza atashtuka, kama kwamba umeusifu. Hapo huingia neno la tatu, "legacy", linalobeba mema na mabaya: "the legacy of slavery", "the legacy of colonial rule". Ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, alikofika mwaka 1498, ni mfano mzuri. Nguzo yenyewe ni "heritage", inatunzwa na watu hulipa kuiona. Waliyoyafanya Wareno pwani hii baada ya hapo ni "legacy". "Legacy" ina maana nyingine ya kisheria, mali mtu anayoachiwa kwa wasia, lakini katika mazungumzo ya kila siku hiyo hutokea kwa nadra.

Ukisoma Kiingereza cha kale utakuta "heritage" ikiwa na maana ya fungu la mali, na usidhani mwandishi kakosea. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Zaburi ya 127, inasema watoto ni "an heritage of the LORD", kwa maana ya fungu mtu alilopewa na Mungu. Wakati huo mpaka kati ya maneno haya haukuwa umekaza kama leo, na wachungaji wengine bado husema hivyo madhabahuni. Barua ya kwenda benki kudai pesa za marehemu ni jambo jingine. Humo andika "inheritance".