Springi na Usukani wa Lori Dogo la Rimoti: Kazi Moja, Si Mbili

Wengi wanaojitengenezea lori la rimoti huzimaliza kwanza springi, kisha ndipo wanapotafuta mahali pa kufungia sevo ya usukani, yaani mota ndogo inayogeuza magurudumu kwa amri ya rimoti. Lori la namna hiyo hutembea vizuri kwenye sakafu ya saruji, lakini likifika uwanjani penye kokoto huanza kuyumba kushoto na kulia ilhali mwendeshaji hajagusa chochote. Kosa halimo katika springi peke yake wala katika usukani peke yake, bali katika jinsi viwili hivyo vinavyokutana, na kwa sababu hiyo mimi huvichora katika karatasi moja kabla ya kukata chuma chochote. Nitatumia hapa mfano wa Fuso ya ekseli mbili kwa uwiano wa 1 kwa 14: milimita 270 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, milimita 120 kati ya kingpini mbili (pini za wima ambazo magurudumu ya mbele hugeukia), na uzito wa kilo 4 pamoja na betri, ambapo kilo 1.6 zinabebwa na ekseli ya mbele.

Springi za malori madogo karibu zote ninazoletewa ni ngumu kupita kiasi. Ukipunguza lori mara 14 kwa urefu, upana na kimo, uzito unapungua kwa 14 × 14 × 14, yaani mara 2,744. Kwa hiyo lori la tani 10 lingebaki na kilo 3.6 tu, na mzigo huo hauwezi kukunja chuma kinene kilichochaguliwa kwa kuwa kinapendeza machoni. Springi isiyokunjika si springi. Gurudumu moja likipanda jiwe, jingine linaning'inia hewani, na gurudumu la hewani halisaidii kukata kona.

Malighafi ninayoipenda ni ule mkanda wa chuma wa kufungia mizigo na mbao, wenye upana wa milimita 13 na unene wa nusu milimita. Hutupwa ovyo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na tayari una unyumbufu wa kutosha. Jambo la kukumbuka ni kwamba ugumu wa bamba hupanda kwa mchemraba wa unene wake: bamba lenye unene maradufu ni gumu mara nane. Urefu nao una nguvu ileile kinyumenyume, hivyo ni afadhali kurefusha springi kidogo kuliko kuhangaika kusugua chuma kiwe chembamba. Kwa mabamba mawili ya mkanda huu, springi ikiwa na milimita 100 kutoka jicho hadi jicho na ekseli ikikaa katikati, kilo 0.8 inayoangukia kila upande wa mbele huishusha kama milimita 4.5, na hicho ndicho kiasi ninachokitaka. Upana wa milimita 13 ni mkubwa ukilinganisha na springi halisi. Anayejali sura anaweza kukata mkanda uwe na nusu ya upana na kuongeza idadi ya mabamba ipasavyo. Usiupashe moto mkanda ili kurahisisha kutoboa, kwa maana ukishaiva mwekundu na kupoa polepole unalegea na haurudi tena. Toboa kwa mwendo mdogo, bamba likiwa limebanwa kati ya vipande viwili vya mbao ngumu. Jicho la springi linakunjwa kwa koleo kuzunguka msumari wa milimita 3.

Jicho la mbele hufungwa kwenye chesisi lisisogee. La nyuma hufungwa kwenye kibanio kinachoning'inia, kwa sababu springi ikilala inarefuka na lazima ipate pa kwenda. Ukifunga ncha zote mbili kwa bolti, umejenga daraja. Shokapu si za lazima katika lori la mwendo mdogo, kwani msuguano wa mabamba yenyewe hutuliza mtikisiko. Ukiziweka kwa ajili ya sura, toa mafuta na springi zake za ndani.

Sasa usukani. Lori linapokata kona, gurudumu la ndani linapita kwenye duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo ni lazima ligeuke zaidi. Ufumbuzi wake ulibuniwa na Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na Rudolph Ackermann akausajilia hataza Uingereza mwaka 1818. Katika lori letu, gurudumu la ndani likigeuka digrii 30, la nje linatakiwa ligeuke digrii 24.7. Ili kulikaribia hilo, mikono midogo inayotoka kwenye kingpini kuelekea nyuma inainamishwa ndani, hivi kwamba mistari yake ikirefushwa inakutana katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa mkono wa milimita 23, mwinamo huo ni milimita 5 kila upande, na tairodi, ile fimbo inayounganisha mikono hiyo miwili, inakuwa na milimita 110, yaani fupi kuliko nafasi ya kingpini kwa milimita 10. Ukiiweka tairodi mbele ya ekseli, mikono itabidi itanuke kuelekea nje, na hapo mara nyingi hugonga rimu. Tairodi ninaitengeneza kwa spoku ya baiskeli ya milimita 2, ambayo hesi yake hujikata yenyewe ndani ya kiungo cha plastiki na kuruhusu marekebisho madogo.

Palipo na tabu ni ile fimbo inayotoka kwenye sevo kwenda gurudumuni. Sevo imefungwa kwenye chesisi, ilhali gurudumu linapanda na kushuka pamoja na ekseli. Tuseme fimbo imepita kukingama, ina milimita 60, na imelala mshazari kwa digrii 20. Ekseli ikipanda milimita 8, ncha ya fimbo inasukumwa pembeni milimita 2.3, na kwa mkono wetu wa milimita 23 magurudumu yanageuka karibu digrii 6 bila amri ya mtu. Fimbo hiyohiyo ikiwa imelala sawasawa, msukumo unashuka hadi nusu milimita, yaani digrii 1 na kitu. Bora zaidi ni kufuata malori mengi makubwa: fimbo ipite sambamba na springi, ikishika mkono wa ziada ulio juu ya kingpini, na kiungo chake cha mbele kikae karibu na jicho lisilosogea. Hapo ekseli na fimbo huchora tao linalokaribiana, na kokoto haligeuzi gurudumu. Sevo inalazwa ubavu ili mkono wake ubembee mbele na nyuma, na nafasi hiyo ni lazima iachwe kabla springi hazijafungwa. Baadaye utakuta mota au sanduku la betri limekwisha kuikalia.

Nguvu ya sevo nakadiria kwa hali mbaya kabisa, tairi likiwa limebanwa na ukingo. Kilo 1.6 mara msuguano wa 0.8 mara sentimita 1.5, ambayo ni umbali kutoka kingpini hadi katikati ya tairi, ni karibu kilo-sentimita 2. Sevo ndogo ya SG90 huishia kwenye 1.8 ikiwa imekwama, kwa hiyo haifai; MG996R yenye gia za chuma hutoa zaidi ya 9 na inatosha. Ila inavuta umeme mwingi, zaidi ya ampea 2 ikikwama, hivyo ipewe njia yake kutoka kwenye betri.

Kabla ya kuvalisha bodi, liweke lori sakafuni, washa rimoti ili sevo ijishike katikati, kisha kandamiza chesisi kwa kiganja na utazame magurudumu ya mbele. Yakigeuka, pandisha au shusha kiungo cha fimbo kwenye mkono wa sevo, tundu moja kwa kila jaribio, mpaka yatulie. Kisha ingiza kabari nyembamba kati ya springi na ekseli ili kichwa cha kingpini kilale nyuma digrii 3 hadi 5, nalo lori litakuwa linarudi lenyewe kwenye mstari baada ya kona. Kabari ikishaingia, rudia jaribio la kiganja, kwa kuwa imebadilisha pia kimo cha mkono wa juu.