Mantili ni jiwe, jamani

Wiki iliyopita, msibani, mzee mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba chini ya ganda la dunia kuna bahari ya lava, na mabara yanaelea juu yake kama mitumbwi. Msibani hapabishaniwi. Nikanywa chai yangu. Ila hii ni mara ya ngapi? Hata mwalimu wa jiografia amewahi kunichorea mantili, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, kwa chaki nyekundu, na mapovu juu.

Mantili ni jiwe. Jiwe gumu.

Mezani kwangu ninacho kipande chake, nilikiokota Lashaine, kilima cha volkano kule Monduli. Kinajaa kiganjani, kizito, chembe zake za kijani kama chupa ya bia iliyosagwa, na hapa na pale punje nyekundu za ganeti. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikibeba kutoka zaidi ya kilomita 100 chini, na kilifika juu kikiwa bado jiwe. Kama hilo halitoshi, kuna mawimbi ya tetemeko ya aina ya S, ambayo hayapiti kwenye kimiminika: yanaikata mantili yote, kilomita 2,900, halafu yanagota kwenye kiini cha nje. Huko ndiko kwenye kimiminika, na ni chuma.

“Mbona mnasema inatiririka?” Mshumaa uliousahau dirishani Dar mwezi wa Februari haukuyeyuka, lakini umepinda. Mantili ndivyo ilivyo, ila yenyewe inahesabu kwa mamilioni ya miaka. Lava je? Jiwe la moto likipanda, mgandamizo unapungua, asilimia chache zake zinayeyuka. Ni jasho tu. Anayeona jasho hasemi mtu ni maji.

Wenzangu wa jiolojia watanirukia: kipande cha Lashaine kimetoka sehemu ya chini ya bamba, moja ya vile vipande vikubwa vinavyobeba mabara na bahari, si mantili inayotiririka. Kweli, na hapo ndipo kosa la pili linaponikera. Bamba si ganda. Bamba ni ganda pamoja na mantili ya juu iliyopoa ikakakamaa na kushikamana nalo. Chini ya Tanzania ya kati ganda ni kilomita 40 hivi, lakini bamba lenyewe linapita 150. Ukichora bamba kama ganda la yai, umelipunja vibaya.

Sasa nikiri. Ile mishale ya duara ya kwenye michoro, mantili ikichemka kama uji na kuyasukuma mabamba, nimeifundisha miaka mingi bila kuiamini sana. Pasifiki naielewa: ukingo wa bamba uliopoa unazama na kulivuta bamba zima. Afrika imezungukwa karibu kote na matuta ya chini ya bahari, ambako mabamba huzaliwa. Nani basi anaivuta Afrika hadi Bonde la Ufa lipanuke milimita chache kwa mwaka? Naegemea upande wa wanaosema jiwe la moto kutoka chini limeinua nyanda zetu za juu mpaka zinaanza kujitawanya kwa uzito wake zenyewe. Siku nyingine naamka siamini.

Arobaini ni mwezi ujao. Mzee atakuwepo, nami nitakuja na jiwe mfukoni.